Reli ya mezani kwa wikiendi sita: ubao wa futi sita, pointi mbili, mabehewa manane

Jumapili jioni simu yangu hujaa picha za treni ndogo za mezani. Mmoja anajenga stesheni kwa boksi la viatu, mwingine yuko mwezi wa tatu anahangaika na mlima wa plasta, mwingine katuma ubao mtupu na maneno mawili: "Leo nimeanza." Nimewafuatilia wenzangu hawa kwa miaka kadhaa. Wanaofika mwisho ni wale ambao picha yao ya Jumapili ina kitu kimoja kinachofanya kazi, hata kama ni behewa moja tu lililosukumwa kwa kidole likavuka kiungio bila kuanguka. Wanaoanza mambo manne kwa mpigo huishia na boksi juu ya kabati.

Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa wikiendi. Kila wikiendi ina kazi yake na jaribio lake la mwisho. Jaribio likigoma, wikiendi inayofuata ni ya kurudia.

Kabla hujatoa hela

Reli za mezani huuzwa kwa vipimo vinavyojulikana dunia nzima. Kinachopatikana kwa wingi, kipya na mtumba, ni HO: kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mtu wa m 1.70 anakuwa na urefu wa mm 19.5, mlango wa m 2 unakuwa mm 23. Nafasi kati ya reli mbili ni mm 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 upate 1,435, yaani upana wa SGR yetu, ya Kenya na ya Tanzania. Anayetaka kuunda SGR hana la kuhangaika.

Shida ni kwa sisi tunaopenda reli ya zamani. Ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, na ile ya kati iliyogusa Kigoma 1914, zote ni za upana wa mita moja. Mita moja ukiigawa kwa 87 unapata mm 11.5. Reli ndogo ya mm 12 ipo, inaitwa HOm, na kampuni ya Bemo huitumia kutengeneza treni za milimani za Uswisi, za Rhätische Bahn, ambazo nazo ni za mita moja. Ni kazi safi, lakini bei yake si ya kuanzia. Mimi yadi yangu ni ya mkonge, ya enzi za reli ya mita, na imekaa juu ya reli ya mm 16.5. Imezidi upana kwa milimita tano na usingizi naupata vizuri tu.

Kwa mashabiki wa TAZARA kuna njia tamu zaidi. Reli yao ina mm 1,067. Ukipunguza mara 64 badala ya 87, unarudi karibu kabisa na 16.5. Wapenzi wa treni wa Queensland na New Zealand, ambako reli ni ya upana huohuo, wanautumia ujanja huu siku nyingi. Tena 1 kwa 64 ndicho kipimo ambacho vigari vingi vya chuma vya watoto hukifuata kwa kukadiria, kwa hiyo magari ya barabarani unayapata duka la kona. Ila mabehewa itabidi uyaunde mwenyewe kwa kadibodi, kwa hiyo nakushauri usianze na hilo.

Na usianze na Garratt, kile kichwa kikubwa cha mvuke cha zamani. Najua. Kila aliyesimama mbele ya 5918 "Mount Gelai" pale makumbusho ya reli Nairobi, tani 252 za chuma cha Manchester, anarudi nyumbani akiitaka mezani. Kwa HO mashine ile ina sentimita 36 hivi. Itameza nafasi yote uliyonayo. Nunua kichwa kifupi cha dizeli cha kufanyia shanti, yaani kupangapanga mabehewa, kisichozidi sm 16, kinachochukua umeme kwa magurudumu yote.

Ramani: achana na duara

Watu wengi hufikiria duara kwanza. Duara la HO linataka ubao wa karibu mita moja kwa upana, na nyumba zetu hazina mita moja ya kuchezea. Halafu treni ikizunguka mara kumi umeshaiona, hata watoto wanarudi kwenye TV.

Tumia mpango wa Mwingereza Alan Wright uitwao Inglenook Sidings. Una pointi mbili tu, yaani sehemu mbili ambapo njia inagawanyika. Upande wa kushoto kuna njia moja iliyoishia ukutani, mimi naiita mkia. Mkia unaingia pointi ya kwanza, ambayo inagawa njia mbili. Moja ni njia ndefu, nyingine inaingia pointi ya pili na kugawanyika tena kuwa njia mbili fupi. Basi.

Ufundi wake uko kwenye urefu. Njia ndefu ichukue mabehewa matano kamili, kila njia fupi ichukue matatu, na mkia uchukue kichwa pamoja na mabehewa matatu, usizidishe. Unapanga mabehewa manane, unachagua matano kwa bahati nasibu, kisha unatakiwa kuyaunga kwa mpangilio uleule kwenye njia ndefu. Hesabu ya mipangilio inayowezekana ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4, yaani 6,720. Hutaimaliza.

Behewa fupi la HO lina sm 12 hivi. Mkia unataka sm 52 na ziada kidogo, tuseme 55. Pointi fupi ya kampuni ya Peco ina sm 18.5. Baada ya pointi acha kama sm 10 ambazo hakuna behewa litasimama, maana pale njia bado zimekaribiana na mabehewa yatagusana mabega. Kisha mabehewa matano, sm 60 na kidogo. Jumla unakuta karibu sm 150. Ubao wa futi sita, sm 183, unakuachia nafasi ya kupumua.

Wikiendi ya kwanza: ubao

Shiti ya plaiwudi inauzwa futi 8 kwa 4. Chukua ya mm 12, na kama duka lina mashine ya kupasua, wakupasulie palepale: kipande kimoja cha futi 6 kwa 1, na vibanzi vya sm 7 vya fremu. Fremu ni vibanzi viwili virefu chini ya ubao na vinne vya kukatisha, kwa gundi nyeupe ya mbao na skrubu. Misumari italegea.

Paka rangi juu, chini na kwenye kingo, hasa ukiwa Pwani. Ubao uliopakwa upande mmoja unakunywa unyevu upande wa pili na kupinda kama muhogo mkavu.

Jaribio: weka ubao mahali utakapokaa, uusawazishe kwa pima maji, kisha weka gololi katikati. Isipotembea, umemaliza. Ikitembea, mabehewa yako nayo yatatembea yenyewe usiku.

Wikiendi ya pili: reli

Hapa usiharakishe. Ukikosea kulaza reli, umeme, kokoto na mabati vyote vitabeba kosa hilo.

Panga kwanza pointi na reli juu ya ubao bila kufunga chochote. Weka mabehewa yote mahali pake. Chora kwa penseli pembeni mwa mataruma, vile vipande vinavyokatisha chini ya reli, kisha toa kila kitu na ukae na mchoro siku nzima. Mimi nilifanya hivi Jumamosi, na Jumapili asubuhi nikagundua kuwa mkono wangu haufiki nyuma ya njia ya tatu bila kuangusha jengo ambalo hata sijalijenga.

Reli ya kupinda huuzwa kwa vipande vya yadi moja, sm 91. Ikate kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, huku umeibana kati ya vipande viwili vya mbao. Kila mkato una kijino kisichoonekana. Pitisha tupa upande wa juu, upande wa ndani, na chini, mpaka ukipitisha ukucha hausikii kitu. Asilimia kubwa ya mabehewa yanayoanguka huanguka kwa sababu ya kijino hiki, na mwenye nacho huenda kulaumu magurudumu.

Unganisha kwa viungio vya chuma, na kati ya reli na reli acha upenyo wa unene wa kadi ya benki. Joto la mchana hurefusha reli, na unyevu hufanya mbao ivimbe na kusinyaa zaidi ya hapo. Bila upenyo, siku moja ya Februari utakuta njia imejikunja kama nyoka. Reli kubwa za viungio nazo huachiwa upenyo, ndio unaotoa ule mlio wa ta-tak, ta-tak.

Laza reli kwa gundi nyeupe kidogo sana, utandaze kwa kadi. Chini ya pointi usipake kabisa: pointi ishikwe na reli za jirani na misumari midogo miwili.

Jaribio: chukua behewa jepesi kuliko yote, lisukume kwa kidole kimoja kutoka mkiani hadi mwisho wa kila njia, mara kumi kwenda, mara kumi kurudi, na pointi ukizigeuza. Sikiliza. Panapolia "tik" ndipo pa kupiga tupa.

Wikiendi ya tatu: umeme

Treni ya mezani hutumia volti 12 za DC. Reli moja inaleta, nyingine inarudisha, na mota iko katikati yao. Ukigeuza nyaya, treni inageuza mwelekeo.

Vifaa: adapta ya volti 12 ya ampea 1, rigeleta ya mota za DC, swichi ya kugeuza yenye miguu sita, na fyuzi ya ampea 1. Narudia, rigeleta ya DC, ile ndogo inayouzwa maduka ya vipuri vya elektroniki. Rigeleta ya feni ya darini ni ya umeme wa ukutani na haifai kabisa, itakuua. Volti 230 ziishie kwenye adapta, zisivuke hapo.

Reli ya mbele iwe nyekundu, ya nyuma iwe nyeusi, ubao mzima. Chini ya ubao pitisha nyaya mbili nene kutoka mwanzo hadi mwisho, na kutoka kwenye nyaya hizo panda na waya mwembamba hadi kila kipande cha reli. Kila kipande, hata kile kifupi cha sm 8. Viungio hupitisha umeme vizuri mwaka wa kwanza, kisha kutu na vumbi vinaingia.

Kulehemu waya kwenye reli kunatisha watu bure. Piga msasa ubavu wa nje wa reli, eneo dogo kama punje ya mchele. Pakaza risasi kidogo hapo kwa pasi ya wati 40, pakaza pia ncha ya waya, pembeni. Kisha gusanisha viwili hivyo, weka pasi juu yake, hesabu moja, mbili, ondoa, na usipumulie. Ukichelewa, mataruma ya plastiki yanayeyuka. Kitambaa kilicholoanishwa kikiwekwa juu ya reli pande zote mbili za eneo hilo kitazuia joto lisisambae. Jizoeze kwanza kwenye kipande kilichobaki. Cha kwanza changu kilionekana kama kinyesi cha popo, cha ishirini kilikuwa safi.

Kuhusu pointi: katikati yake kuna mahali reli mbili za ndani zinakutana na kufanya V. Kwa kazi hii nunua zenye V ya plastiki. Ukipewa zenye V ya chuma, zile reli mbili zinazotoka kwenye V lazima ziungwe na jirani zake kwa viungio vya plastiki, la sivyo nyekundu na nyeusi zitakutana na fyuzi itakatika kila ukigeuza pointi.

Jaribio: tafuta taa ndogo ya gari ya volti 12, wati 5, ile ya kumulika namba ya gari nyuma. Iunganishe na waya mbili, washa, na uiguse reli kuanzia mkiani hadi mwisho wa kila njia. Mwanga usibadilike popote. Panapofifia kuna kiungo kibovu. Fundi umeme atakuambia tumia mita, na mita ni nzuri, lakini mita inaonyesha volti 12 hata kwenye waya ulioshikwa na uzi mmoja. Taa inavuta mzigo, haidanganyiki.

Wikiendi ya nne: mabehewa

Hii ni wikiendi fupi. Mabehewa ya dukani ni mepesi mno. Chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za mezani, NMRA, hupendekeza wakia moja kwa kila behewa la HO, na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Kwa behewa la sm 12 hiyo ni karibu gramu 95. Weka nati au risasi za wavuvi ndani, gundisha, pima kwa mzani wa jikoni. Yote manane yawe sawa.

Kama mfuko unaruhusu, weka kulabu za Kadee. Zinajishika zenyewe, na kuziachanisha unaingiza kijiti cha mishikaki kutoka juu, unakizungusha kidogo. Vijiti vya mishikaki vyenyewe ni mia chache kwa pakiti.

Jaribio: sukuma mabehewa matatu kwa kichwa, kinyumenyume, kupitia pointi zote mbili. Kuvuta si mtihani. Kusukuma ndiko kunakofichua.

Wikiendi ya tano: kokoto, udongo, na kosa langu

Kokoto halisi ukizigawa kwa 87 zinakuwa mchanga. Tumia mchanga wa mto, usitumie wa baharini, una chumvi itakayokula reli. Osha, anika, pitisha kwenye chujio la chai, kisha kinachopita kipitishe tena kwenye chekeche la unga: kile kinachobaki juu ndicho kokoto.

Udongo mwekundu chukua wa kweli. Wangu umetoka kando ya njia, mfuko mmoja wa kilo. Lakini udongo wetu mwekundu una chuma, na chembe za chuma huvutwa na sumaku iliyo ndani ya mota, zikaisaga. Chukua sumaku ya spika mbovu, ivike mfuko wa plastiki, ipitishe polepole juu ya udongo uliotandazwa kwenye sinia. Utaona vinyweleo vyeusi vimesimama juu ya plastiki. Sogea pembeni, vua mfuko, vinaanguka vyote. Nilirudia mara sita mpaka plastiki ikatoka safi. Fanya hivyohivyo kwa mchanga.

Kabla ya kumwaga chochote, paka mataruma rangi. Reli za mita za huku zilitumia sana mataruma ya chuma, maana mbao zililiwa na mchwa, kwa hiyo kahawia ya kutu inafaa zaidi kuliko nyeusi ya plastiki.

Mwaga kokoto kwa kijiko, zisambaze kwa brashi laini mpaka pasiwe na punje juu ya taruma wala ubavuni mwa reli. Nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo kwa chupa ya kunyunyizia nywele. Sabuni ndiyo inayoruhusu gundi kuzama badala ya kukaa juu kama shanga. Kisha changanya gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, na uidondoshe kwa sirinji ya duka la dawa, taratibu, kati ya taruma na taruma. Acha usiku kucha.

Sasa kosa. Mara ya kwanza nilifanya yote haya vizuri, nikapiga picha, nikazituma, nikasifiwa. Jumatatu nikageuza pointi. Haikugeuka. Gundi ilikuwa imetambaa chini ya kokoto, imefika kwenye ndimi za pointi, zile reli mbili nyembamba zinazosogea, na imezishika kama saruji. Nilimaliza jioni tatu na maji ya moto na kijiti cha meno, na pointi moja ilivunjika hata hivyo.

Kwa hiyo: dondoshea mafuta ya cherehani kwenye ndimi kabla ya gundi, kwenye eneo la ndimi weka kokoto chache sana zilizobandikwa punje kwa punje, na gundi inapokauka geuza pointi kila baada ya nusu saa. Weka kengele ya simu.

Jaribio: rudia la wikiendi ya pili na la tatu, yote mawili. Kabla ya hapo, safisha reli kwa kitambaa na spiriti ya duka la dawa. Msasa hapana. Unaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo nyumba ya uchafu.

Wikiendi ya sita: mabati, miti, mchezo

Ghala la mkonge ni boksi la kadibodi ngumu, lakini mabati ndiyo yanayolifanya liaminike. Chukua karatasi ya alumini ya jikoni, ilaze juu ya kandambili ya zamani, na uviringishe juu yake bolti ndefu ya spana namba 10 (M6), yenye meno mwili mzima, huku ukikandamiza. Meno ya bolti hiyo yameachana milimita moja. Ukizidisha kwa 87 unapata karibu sm 9, na mawimbi ya bati halisi yana sm 7 na nusu hivi. Jicho halioni tofauti. Kata vipande vya sm 3 kwa 1, bandika kimoja kimoja kuanzia chini kwenda juu kama fundi paa, kila kimoja kikilalia cha chini yake. Paka kutu kwenye kingo tu, na bati moja liache jipya linang'aa. Kila ghala lina bati lililobadilishwa juzi.

Nyasi kavu ni kamba ya katani iliyokatwa vipande vya nusu sentimita, vikasimamishwa kwenye tone la gundi. Mgunga ni waya za umeme zilizosokotwa, juu yake kipande chembamba cha dodoki kilichopakwa kijani chenye vumbi. Usipande miti mingi, mkono unahitaji njia ya kufikia kulabu.

Kwa picha ya Jumapili, geuza simu kichwa chini, kamera iwe karibu kugusa kokoto. Ukipiga kutoka juu, unaonyesha meza. Ukipiga kutoka chini, mtu anauliza hiyo ni stesheni gani.

Halafu andika namba 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, moja kwa kila behewa, vitie kwenye kikombe, mwite mtu wa nyumbani achomoe vitano. Jana binti yangu alichomoa 7, 2, 8, 1, 4. Behewa namba 7 lilikuwa mwisho kabisa wa njia ya tatu, nyuma ya mawili mengine. Nilitumia dakika kumi na nane, na katikati yake nilisimama nikakuna kichwa mara mbili. Alipojaribu yeye alitumia kumi na moja.

Mkimaliza, funikeni ubao na kanga nyepesi. Vumbi la usiku mmoja linatosha kusimamisha kichwa asubuhi.